Ubeti wa Pili

Kila walipofika ubeti wa pili wa wimbo wao, Learco alimpa Nives mgongo.

Alifanya hivyo Tokyo, akafanya Santiago, akafanya Warsaw. Watu wakadhani ni madoido. Vijana wa Chile wakaiga. Huko Poland mambo yakafika hadi harusini: ubeti wa pili bwana harusi anageuka, bibi harusi anamwimbia kisogo, na ukumbi mzima unashangilia. Miaka arobaini na miwili ya makofi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu huyu anakwepa nini.

Ubeti wenyewe ulitoka kwa Argia, mama yake Nives. Argia alipalilia mpunga tangu usichana wake, na alizijua nyimbo zote za mashambani. Ndiye aliyewafundisha wote wawili kuoanisha sauti, jikoni kwake Novellara, huku akikunja tortelli, tambi za kujazwa maboga, na kumchapa Learco mwiko vidoleni kila sauti yake ilipoteleza. Learco hakuwa na mama. Mezani kwa Argia, sahani yake haikukosekana hata siku moja.

Sasa mji ulikuwa unamwekea Argia kibao cha kumbukumbu cha marumaru. Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, ukumbi ulikuwa umefurika. Mashabiki wao wengine walikuwa wametoka Japani. Nyuma ya jukwaa Nives, bibi wa miaka sabini na minne sasa, alisimama mbele ya kioo.

"Nifungie zipu, mzee. Taratibu, usije ukanibana nyama kama kule Osaka."

Learco akaivuta. Zipu ikakwama katikati.

"Siwezi kupanda jukwaani, Nives."

"Magoti tena?"

"Si magoti. Ni mama yako."

Nives alimtazama kupitia kwenye kioo. Learco akainamisha kichwa, akaanza kusema kabla ujasiri haujamtoka.

Lilikuwa jambo la asubuhi moja tu, mwaka 1982, hotelini Roma. Saa chache zilibaki kabla ya ndege ya kwenda Tokyo, kwenye tamasha la mashindano ambalo kila mwimbaji wa Italia alilililia. Karani wa mapokezi alimwita Learco pembeni, akampa telegramu iliyoandikiwa Nives. Gundi ya bahasha ilikuwa bado mbichi. Ilifunguka yenyewe, kama inayomkaribisha. Ndani mlikuwa na maneno ya Oreste, kaka yake Nives: Mama mahututi. Anakuita. Njoo leo.

Learco aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni. Alijua Nives akirudi Novellara, Tokyo imekwenda. Na bila Tokyo watazeekea kwenye dansi za vijijini, wakiimbia watu wanaotafuna. Akajiambia Argia ana mwili wa chuma, siku nne hazimshindi.

Nives, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kungojwa, siku hiyo Learco alimkuta ameshaketi ndani ya teksi, miwani ya jua usoni.

"Hakuna kilichotujia mapokezini?" Nives alimuuliza.

"Hakuna."

"Hakika?"

"Hakika, Nives."

"Haya. Twende."

Argia alikata roho wakiwa angani. Habari iliwafikia baada ya ushindi, na walipotua Italia alikuwa ameshazikwa. Wimbo ukatafsiriwa kwa lugha kumi na moja. Oreste akamfungia dada yake mlango. "Nilikupelekea telegramu!" alifoka dirishani. Nives aliapa haikumfikia, na Learco, amesimama kando yake kofia mkononi, akachangia kwamba posta siku hizi hovyo kabisa. Oreste alifariki majira ya baridi yaliyopita. Kwa miaka yote hiyo hakumjibu dada yake hata salamu.

"Posta!" Learco alisema sasa. "Nilisema posta, Nives! Nilikula chakula cha mama yako miaka kumi, halafu saa ya kufa kwake nikamnyima mwanawe. Na wewe na kaka yako nikawaacha mkosane hivyo. Kila ukianza ule ubeti namsikia yeye, ndiyo maana nageuka. Nitukane. Nipige. Ukitaka, natoka sasa hivi nikawaambie wote waliokaa pale."

Ukumbini kodiani ilikuwa imeanza. Watu wakapiga miguu sakafuni, wakiwaita kwa majina.

Nives hakugeuka upesi. Alipeleka mkono mgongoni, akaivuta zipu mwenyewe mpaka juu. Kisha akamgeukia. Learco alikuwa amejitayarisha kwa kofi, kwa matusi, kwa kilio. Kwa macho yale makavu hakuwa amejitayarisha.

"Umelibeba hili peke yako muda wote?"

"Peke yangu."

"Hata marehemu mkeo hukumwambia?"

"Hata padri."

Nives akamshika mikono yote miwili, kama walivyozoea kushikana kabla ya pazia kufunguka.

"Yule karani alinipa mimi kwanza, Learco," alisema. "Niliisoma, nikaifunga tena, nikamwambia akupe wewe. Nilijua hutanipa."