Betri ya Mama Mkwe

"Hiki hakifai, baba," mama mkwe alisema, akakichomoa kidude sikioni na kukiweka mezani. "Kinashika mno."

Fundi wa redio alikodoa macho. Miaka kumi na minane ya kuchomelea waya, hakuwahi kumsikia mteja akilalamika kwamba betri imeshikwa mno.

Kidude cha kusikilizia alikiunda yeye mwenyewe, kidogo kama punje ya haragwe. Kilichobaki ni kuchagua vishikio vya betri tu, vile vibati viwili vinavyoibana na kuchukua umeme wake. Mkewe alikuwa amemwonya: mama amechoka kupigiwa kelele, safari hii usituaibishe.

Aibu ya kwanza ilishapita. Kidude cha mwanzo alikifungia kibati bapa alichokibandua kwenye mwanasesere mbovu. Kilikuwa kilegevu. Mama akiinamisha kichwa kushoto, betri inateleza na kidude kinazima, sikio likabaki limezibwa kabisa. Alikivaa wiki nzima bila kulalamika, na fundi akaona haya mpaka akapunguza kula.

Sasa alikuwa amemtengenezea cha springi, na springi ilikuwa imekataliwa. Akampa kingine, chenye meno manne yaliyopakwa dhahabu. Mama akakivaa, akainamisha kichwa kushoto, akasubiri kidogo, akakunja uso.

"Hiki ndiyo hakifai kabisa," alisema. "Kile cha kwanza, cha bati bapa, bado unacho?"

Fundi akamkabidhi, naye akakivaa. Fundi akajiambia kwamba mama wa watu hajui vifaa, anahitaji kuelimishwa. Akavuta kigoda akaanza. Alimweleza jinsi springi inavyochoka, jinsi jasho la sikio linavyokula bati, na kwa nini dhahabu haishiki kutu. Kutoka kwenye kutu akaingia kwa mwalimu wake wa ufundi, na kwa mwalimu akaifikia redio ya kwanza aliyoifungua akiwa na miaka tisa.

Mama mkwe alikaa ameinamisha kichwa kushoto, macho yametulia, tabasamu halimtoki. Hakumkatiza hata mara moja. Fundi aliguswa moyo. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwacha akafika hata kwenye kutu.

Alipofunga mdomo, mama akanyoosha shingo.

"Umemaliza, baba? Basi nitachukua hiki hiki. Mungu akuzidishie."

Akaondoka nacho. Fundi alibaki akitazama meno yake manne ya dhahabu, akiwa na hakika kwamba amehurumiwa.

Jumamosi asubuhi alikuta foleni mlangoni. Kina mama watano, wote rafiki za mama mkwe, na wote walitaka kidude kama chake, chenye kibati kile kile bapa. Fundi alijitetea kwamba kile kilikuwa cha majaribio, kwamba anacho bora zaidi. Walimwambia hicho bora awawekee wengine.

Akakubali yaishe. Akapima masikio, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepimwa alionekana kusikia vizuri kupita fundi alivyotarajia.

Nyuma ya hao watano alisimama wa sita, amejifunika mtandio hadi puani. Fundi akamuuliza ni sikio lipi lenye shida.

"Hakuna," mkewe akajibu kutoka ndani ya mtandio. "Nitengenezee viwili."