Nguchiro na Kisima cha Mhanga

Mwaka wa ukame, nyika nzima ilikunywa kisimani kwa Mhanga, na kila mnywaji alimletea chakula. Nguchiro, asiyemwamini hata mamaye, alikereka.

"Huyu ana hirizi," aliwanong'oneza wenzake. "Nani hutajirika hivi hivi, amekaa tu kivulini?"

Akaanza kumvizia. Alfajiri moja alimwona Mhanga akiteremka bondeni kimyakimya, akamnyemelea nyasini. Leo atamfuma! Ghafla akakanyaga hewa, akaporomoka ndani ya shimo refu, kavu kabisa, kuta zake zimejaa alama za kucha. Akapiga mayowe.

Mhanga akarudi, akachungulia. "Ndugu yangu, umefuata nini huku?"

"Nitoe! Mtego wako huu?"

"Ni kisima changu cha kwanza. Hakikutoa hata tone." Akamvuta nje. "Angalia unapokanyaga. Bonde zima nililitoboa hivyo kabla ya kupata maji. Na kile cha juu kimeanza kukauka, ndiyo maana nakwenda kuchimba kingine. Waja?"

Nguchiro akayatazama yale mashimo, akasema mgongo unamuuma. Ila tangu siku hiyo hakumsengenya tena Mhanga, wala hakwenda kisimani mikono mitupu.