Benchi la Nyuma

Tusekile alikuwa amekalishwa benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa, ambako mtu haruhusiwi kuimba wala kushiriki meza ya Bwana. Kosa lake lilikuwa kumkimbia mume aliyempiga. Mume mwenyewe, mzee wa kanisa, alikuwa mbele na tai yake.

Kwaya ikasimama. Mwalimu Ambakisye akamkabidhi binti mmoja kipaza sauti, kisha akachomeka flashi. Spika zikanguruma, na Tusekile akasikia sauti yake mwenyewe. Wimbo aliutunga yeye, studio aliingia yeye. Yule binti alikuwa anachezesha midomo tu.

"Hata haya hawana!" Tusekile akasema.

Mama wa benchi la mbele yake akageuka, akamkazia macho. "Wewe! Aliyetengwa hafungui kinywa humu."

"Haya, mama. Nimefunga."

Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Binti akabaki ameachama, maneno hana. Kwaya nzima ikatazamana. Wa kwanza kugeuka nyuma alikuwa mwalimu, kisha kanisa zima, hadi mume.

"Mama Tusekile," mchungaji akaita, sauti imelainika ghafla kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemtukana jana. "Tusaidie, mama. Wimbo wa Bwana usiishie njiani."

Tusekile akafungua pochi, akatoa peremende. Akaimenya taratibu, karatasi yake ikasikika mpaka madhabahuni. Akaitia mdomoni, akaanza kuimumunya, huku akiwatazama.