Mpaka wa Wino

Saumu, mtafiti wa bahari, alikuwa amepiga mstari wa wino wa buluu kwenye ramani iliyotandazwa mezani, mbele ya kikao cha bandari. Ndani ya mstari bahari ilijaa viumbe wa kila aina. Nje yake, aliandika, ni mchanga mtupu. Huko nje ndiko bandari mpya ingechimbwa.

"Mwanangu, na samaki wameonyeshwa mpaka huu?" aliuliza Bi Mwanatumu, ambaye huchokoa pweza miambani. Kikao kizima kikacheka.

Saumu naye alijaribu kucheka. Ni yeye na nahodha aliyempeleka baharini kufanya utafiti tu waliojua kwamba mstari ulipita pale kichefuchefu kilipomshinda, akaomba mashua igeuzwe.

Bi Mwanatumu hakubishana. Alifungua kikapu, akawapanga viumbe nje ya mstari mmoja mmoja: kauri, kombe, kiti cha pweza chenye mikono mitano na miiba myekundu, na wengine wawili wenye maumbo ya ajabu. "Wa leo asubuhi hawa, kutoka huko nje. Hebu nitajie majina yao, wewe uliyesoma."

Wale wawili wa mwisho Saumu hakuwahi kuwaona hata vitabuni. Uso ulimwaka.

"Sikufika huko, mama," alinong'ona.

"Ati nini?" aliuliza mwenyekiti, kalamu ya kutia sahihi kibali cha bandari mkononi.

Saumu akainuka ili arudie. Maji ya chumvi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwa kauri hadi kwenye mstari, na wino wa buluu ukaanza kutambaa kuelekea nje.