Besi ya Baba Adongo

Gitaa la besi lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Sitaki iniangalie," Mama Adongo alisema. "Fundi, hii kitu itoke kwa nyumba leo. Huyu mteja anayekuja akiikataa, naipasua kuni."

Andati aliweka mfuko wa vifaa chini na kushusha pumzi. Alikuwa ametoka Majengo hadi mtaa wa Fedha, akapanda ngazi mpaka orofa ya nne, na magoti yalikuwa yameshaanza kumlalamikia. Kazi ya kutengeneza magitaa haijawahi kumnenepesha mtu. Lakini siku hizi ilimchosha kwa namna nyingine: vyombo vingi alivyoitiwa vilikuwa vya watu waliokwisha zikwa. Mpigaji akishalala kaburini, mjane hutafuta nambari ya Andati.

Besi hii aliijua hata kabla ya kuigeuza. Ilikuwa ya Owiti, Baba Adongo mwenyewe, karani wa reli aliyepiga muziki wa benga Jumamosi na nyimbo za kanisa Jumapili, kwa kidole gumba kilekile. Kwenye simu Mama Adongo hakuwa na maneno mengi. Baba Adongo alituacha, kuna mteja wa besi, njoo uitengeneze.

"Pole sana, mama," Andati alisema, akikaa kwenye kistuli. "Unisamehe. Hata matanga sikusikia."

"Hakukuwa na matanga."

Andati alitikisa kichwa. Maisha yamepanda, watu siku hizi wanazika kimyakimya.

"Aliugua?"

"Hata kidogo. Alikula ugali na samaki, akanawa mikono, akatuacha."

"Basi Mungu alimpenda zaidi."

"Kuna aliyempenda zaidi, ndiyo."

Andati aliilaza besi mapajani. Shingo ilikuwa imepinda, kwa maana nyuzi zilikuwa zimeachwa zimekazwa muda wote huo bila mtu wa kuipiga. Alizilegeza, akaingiza spana ndogo kwenye chuma kinachopita ndani ya shingo, akazungusha kidogo tu. Mbao haziharakishwi. Alisubiri, akapiga jicho kutoka kichwani hadi chini, akazungusha tena. Kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza, akakifungua na kukisafisha. Nyuzi za zamani zilikuwa zimeshika kutu, akafunga mpya.

Ikabaki kupanga nyuzi zikae juu kiasi gani. Hapo mkono wake ukasita. Owiti alizitaka chini kabisa, karibu zilalie shingo, na walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Zitakwaruza, Andati angesema. Ziache zikwaruze, Owiti angejibu, mimi si mpiga ngumi. Kwa mteja mgeni, busara ilikuwa kuziinua kidogo. Lakini Andati alimkumbuka yule mzee na ubishi wake, na huzuni ikamshika kweli. Akazishusha kama zamani.

"Italia vile ilikuwa?" Mama Adongo aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Vilevile."

"Sawa basi," alisema, akarudi kwa vyombo vyake.

Mteja alifika jua likiwa limepungua ukali. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, viatu vya kufungwa. Alisema anaitwa Kageha, anatoka mtaa wa Komarock, na besi ni ya kanisa lao.

"Mulembe," Andati alimsalimu kwa Kiluhya, akifurahi kusikia jina la kwao.

"Mulembe," Kageha alijibu kwa sauti ndogo. Alikaa pembeni mwa kiti karibu na mlango. Mama Adongo alimwekea chai, nayo ikapoa mbele yake.

Andati alichomeka waya kwenye spika yake ndogo na kupiga kipande cha benga. Sauti ilijaa sebuleni, nzito na tulivu, hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Mama Adongo aligeukia dirisha. Kageha aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake. Huyu hajui besi, Andati aliwaza, na wenzake kanisani wamekosea kumtuma. Akaona afadhali amweleze.

"Utaona nyuzi ziko chini sana. Ndivyo marehemu alivyopenda. Mpigaji wenu akitaka, naweza kuzipandisha."

Kageha aliinua uso ghafla, akamtazama Mama Adongo. Mama Adongo alikuwa akipangusa meza isiyokuwa na uchafu wowote.

"Mwambie fundi," alisema bila kugeuka. "Zipandishwe, au ziachwe?"

"Ziachwe," Kageha alisema polepole. "Atazipenda."

Alilipa bila kubishania bei. Andati aliitia besi kwenye mfuko wa gitaa, akamwonya asiiegemeze ukutani wala kuiweka juani, na nyuzi zipanguswe kila baada ya kupigwa. Kageha aliitikia kila neno kwa kichwa. Mabega yake yalikuwa yamelegea kuliko alipoingia, naye Andati akaona ajabu mtu kuchoka hivyo kwa kununua gitaa tu.

Walikuwa wote watatu mlangoni, Kageha ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, Mama Adongo alipomwambia angoje. Aliingia chumbani, akarudi na mfuko mdogo wa karatasi, akamshikisha mkononi.

"Dawa ya presha ya Baba Adongo, nimemchukulia kliniki," alisema. "Usipomkumbusha, hamezi."