Picha za Udongo Mtupu

"Shemeji, nimekusafishia," alisema mume wa dada yangu, mtunza data wa mradi wetu wa akiolojia, akijifuta jasho kana kwamba yeye ndiye aliyechimba. "Nimefuta zile picha za udongo mtupu, maana zote sura moja. Nimebakiza zenye vyungu na mifupa."

Nilishika meza. Kila picha ilikuwa tabaka moja la shimo, na tabaka likishachimbwa halirudi. Shimo lenyewe sasa liko chini ya lami.

"Umefuta wapi?"

"Kwenye mashine kuu tu. Si una nakala kwenye kompyuta yako?"

Ninayo. Ila nimeipanga hivi: ikipata mtandao tu, inaiga mashine kuu. Kilichofutwa kule, nayo inafuta. Bahati nzuri, tangu nitoke shimoni sijaiunganisha. Nikashusha pumzi, nikageuka kuitafuta.

Ilikuwa mbele yake, inawaka. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye kichwa cha waya wa mtandao, nusu ndani, nusu nje.

"Niliona hujaiunganisha," alisema kwa upole, "nikaona nikumalizie kabisa."

"Acha!" nilipiga ukelele.

Akashtuka. Waya ukaingia: tik.