Sura ya Majaribio

Katika mkahawa wa intaneti, Tunu alikuwa amemaliza aya ya mwisho. Tajiri aliyempata mtandaoni alimwahidi kazi ya kudumu ya uandishi, ila kwanza amwandikie sura moja ya majaribio, bila malipo, kuhusu maradhi ya sungura. Kwa kuitegemea ahadi hiyo, jana Tunu aliacha kazi ya kufua nguo za watu.

Mwanamume aliyekaa kwenye kompyuta ya pembeni alichungulia kioo cha Tunu.

“Samahani, dada. Nawe ni sungura?”

“Maradhi yake. Kwani wewe?”

“Mabanda. Ni jaribio tu, nikifaulu naajiriwa.”

Walitazamana. Kila mmoja akamfungulia mwenzake ujumbe alioletewa, na ujumbe ulikuwa mmoja, neno kwa neno: “Nafasi ni moja, na nimekuchagua wewe.”

“Lo! Kumbe tunamtungia mtu kitabu,” mwanamume akasema.

Tunu aliondoa kidole kwenye kitufe cha kutuma. Akaanza kuisoma sura yake tangu mwanzo, polepole. Ilikuwa nzuri.

Nyuma yao, kwenye kompyuta nyingine, mama mmoja mtu mzima alivua miwani.

“Jamani wanangu,” akauliza, “sungura hubeba mimba siku ngapi?”